Pikipiki Iliyoitwa Mikayi

Opondo alikuwa na mke mmoja tu duniani, na bado alifaulu kumfanya mke wa pili. Wanaume wengine hufika huko kwa ng'ombe, maneno na vikao vya wazee. Yeye alifika kwa pikipiki.

Ilikuwa ya motokrosi, zile za mbio za matopeni na vilimani, zisizo na taa, wala kioo, wala kiti cha abiria. Aliachiwa ujanani na padri mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao kustaafu, na kwa jinsi padri yule alivyokuwa akiiendesha, ni ajabu kwamba aliufikia umri wa kustaafu. Zamani ilikuwa ya manjano. Sasa ilikuwa na rangi ya ndizi iliyosahaulika kabatini. Opondo alikuwa ameipenda miaka mingi kabla hajamtia Celestine machoni, kwa hiyo siku alipomleta bibi arusi nyumbani Kisian, wavuvi wa pale ufuoni walicheka wakasema kwamba pikipiki ndiyo Mikayi, yaani mke wa kwanza, mwenye nyumba kubwa inayotazama lango. Huyu binti mgeni ni Nyachira, mke wa pili, ajengewe pembeni. Opondo naye akacheka. Kisha, kwa kuwa akili za bwana harusi huwa likizoni, akachukua brashi na rangi nyeupe akaandika MIKAYI kwenye tangi.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Celestine alizaa, akalea, akajenga jiko kwa mikono yake, akawa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na bado Rachael, jirani yake wa ng'ambo ya mto, alimwamkia kila asubuhi, "Nyachira, umeamkaje?" Celestine alitabasamu. Kama Opondo angekuwa mtu wa kutazama, angeona kwamba lile lilikuwa tabasamu la meno tu. Lakini alikuwa fundi wa injini za maboti, na fundi wa injini husikiliza, hatazami.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa alisikia.

"Wuon Lornah, mgongo yangu imekataa," Celestine alisema, akimwita baba wa binti yao kwa Dholuo, mkono kiunoni. Alikuwa na shamba la nyanya kando ya mto. "Kila asubuhi napanda huo mteremko na jerikeni. Nyanya inakunywa kama ng'ombe. Na hapa nyumbani kuna injini imelala chini ya turubai kama mgonjwa. Nitolee hiyo injini nifunge kwa pampu."

"Hiyo si injini," Opondo alisema. "Hiyo ni pikipiki."

"Pikipiki huenda mahali. Yako inaenda wapi?"

Mikayi aliwashwa Krismasi na Pasaka tu, akazungushwa boma, akafutwa kwa shati la zamani la mwenye nyumba, akarudishwa chini ya turubai. Lakini mwanaume hawezi kusema hivyo mbele ya mkewe, kwa hiyo alisema kitu kingine, na kitu hicho ndicho kilichomponza.

"Mikayi bado anaweza mbio," alisema. "Hakuna pikipiki ya siku hizi inaweza kumshinda."

Shetani hana kazi nyingi pale Kisian, kwa hiyo alikuwa akisikiliza. Jumamosi iliyofuata binti yao Lornah alikuja kuwasalimu kutoka mtaa wa Migosi, Kisumu, pamoja na mumewe, Waswa, na nyuma ya pikapu yao ilisimama pikipiki ya motokrosi mpya kabisa, nyekundu, ndefu, miguu juu kama korongo.

Waswa alikuwa fundi wa kuwafungia watu intaneti majumbani, kijana mpole mwenye adabu ya kupita kiasi. Alikuwa Mbukusu wa Webuye, na kwao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Waluo nao wana heshima zao za ukweni, lakini Celestine aliipenda hii ya Wabukusu, maana alisema ndiyo mara ya kwanza mwanaume kumwogopa katika maisha yake. Kwa hiyo pikapu ilipoingia langoni yeye aliingia jikoni, na humo akabaki, akichungulia kwenye tundu la dirisha.

Pikipiki mbili zikasimamishwa ubavu kwa ubavu chini ya jua, na wanaume wawili wakazizunguka kama watu wanaonunua fahali.

"Hebu washa yako tuisikie," Opondo alisema.

Waswa alibonyeza kidude kidogo kwa kidole gumba. Pikipiki ikaguna na kuwaka. Ndio hivyo tu. Opondo aliudhika sana, maana hakuona kazi iliyofanyika pale.

"Sasa Mikayi," alisema. Akafungua bomba la mafuta, akatekenya kabureta, akapanda, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Akavua shati. Akapiga, akapumzika, akamwambia Mikayi maneno matamu kwa Dholuo ambayo Celestine kule jikoni hajawahi kuambiwa, akapiga kwa nguvu zote, na Mikayi akalipuka kwa sauti ya bati linalopasuliwa. Moshi wa buluu ukajaa boma. Kuku wakahama.

"Mzee, hiyo inachoma oili!" Waswa alikohoa.

"Lazima ichome. Hii inakunywa petroli imechanganywa na oili, ile tu ya injini ya boti. Naijaza hapa ufuoni. Yako ikiisha mafuta hapa kijijini utafanya nini? Na ikiharibika?"

"Naunganisha na simu, Mzee. Simu inaniambia ugonjwa."

"Simu!" Opondo alimtazama mkwe wake kwa huruma ya kweli. "Yangu nikiwa na bisibisi na waya ya seng'enge natengeneza hata kaburini."

Waswa aliinama akatazama magurudumu. Yake ilikuwa na diski zinazong'aa mbele na nyuma. Ya mzee ilikuwa na breki za zamani ndani ya ngoma, za kukanyaga huku ukiomba. "Lakini Mzee, hii inasimama kweli?"

"Mbio ni ya kwenda, si ya kusimama."

Wakabadilishana. Opondo akaipanda nyekundu, akaenda nayo mpaka barabarani na kurudi, na ukweli ni kwamba moyo wake ulishuka hadi kwenye visigino. Springi zake zilimeza mashimo kama mtu anavyomeza ugali na supu. Nguvu ilikuja polepole, kwa heshima, ikiuliza kwanza. Mikayi hakuwa hivyo. Ukimpa mafuta chini hakuna kitu, katikati hakuna kitu, halafu ghafla kuna kila kitu kwa pamoja, na wewe uko juu ya mti. Kila jiwe alilopita aliliripoti moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa dereva. Opondo alijua palepale kwamba hawezi kushinda. Akashuka, akajifuta jasho.

"Ni laini mno," alisema. "Ni kama godoro."

Waswa, aliyekuwa amerudi na Mikayi huku mikono yake ikiendelea kutetemeka peke yake, alisema, "Lakini Mzee, kitu moja ulinifundisha bado ni kweli kwa zote mbili. Pikipiki hufuata macho."

"Hapo umesema. Ukitazama shimo, utaingia shimo. Ukitazama njia, utapita njia. Hiyo haibadiliki hata walete ya kuruka mwezini."

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Lornah! Mwambie babako kuna mbio Jumamosi ijayo pale timboni, ile ya watu wa klabu ya Kisumu. Waingie wote wawili. Mikayi wake akishinda, sitataja pampu tena mpaka nife. Akishindwa, injini inaenda mtoni."

Lornah aligeuka, ingawa kila mtu alikuwa amesikia, hata kuku kule walikohamia. "Baba, Mama anasema..."

"Nimesikia," alisema Opondo. "Mwambie sawa."

"Na mwambie mkwe wangu," sauti iliongeza, "asimwonee mtu huruma ati kwa sababu ni baba mkwe."

Waswa akayajibu mawingu kwamba amesikia, Mama, asante.

Wiki ile Opondo hakula vizuri. Alibadilisha plagi, akakaza kila kitu kinachokazika, akalala chali chini ya Mikayi akitazama injini ile ndogo iliyojaa mapezi ya chuma, na mara moja machozi yakamtoka, akasingizia petroli. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kila kitu kingine cha ujana wake kilikuwa kimekwenda: nywele, meno mawili ya nyuma, timu ya mpira ya ufuoni. Alikiona kile kitu cha mwisho kikiwa mtoni kikinyonya maji ya nyanya, akashindwa kuvumilia.

Siku ya mbio timbo la kuchimbia maram lilijaa watu. Owiti, kijana mwenye kipaza sauti na shati la maua, alitangaza kwamba hapo awali zilipangwa mbio za pikipiki za zamani na mbio za pikipiki za kisasa, lakini kwa kuwa pikipiki ya zamani imejitokeza moja tu, na mwenyewe pia ni wa zamani, atashindana na mkwe wake. Watu wakashangilia. Kulikuwa na mteremko, kona za matope, na mwisho kilima cha kurukia, na chini yake, pembeni, bwawa la maji ya mvua ambamo bata wa mtu walikuwa wakioga bila kujua lolote.

Celestine alikuwa ameahidi kubaki nyumbani, kwa sababu mkwe wake alikuwa mashindanoni na haifai. Alibaki nyumbani karibu dakika kumi. Kisha akaazima leso ya Rachael, akajifunika kichwa na uso, akazunguka kwa njia ya nyuma, akajificha kwenye mikonge iliyoota karibu na kile kilima cha kurukia. Alitaka tu kumwona Mikayi akishindwa. Baada ya miaka yote ile, mtu ana haki ya kuona.

Bendera ikashuka. Waswa akabonyeza kidole gumba akaenda zake. Opondo akapiga kiki. Akapiga. "Mzee bado anabembeleza!" Owiti alipaza sauti. Mikayi alipokubali, Waswa alikuwa tayari upande wa pili wa timbo.

Lakini, jamani, Mikayi alipokubali! Alinyanyua gurudumu la mbele, akapiga kelele zilizosikika hadi ziwani, akampeleka Opondo kwenye kona ya kwanza kwa kasi ambayo hakuiomba. Opondo akakanyaga breki, breki ikafikiria. Akapita kona ile kwa mguu mmoja chini na sala moja juu. Mifupa yake ilikuwa ikigongana kama vijiko kwenye karai. Na alikuwa na furaha. Huo ndio ukweli wenyewe: alikuwa anashindwa vibaya, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu ujana, akicheka ndani ya helmeti huku mate yakimrudia usoni.

Mzunguko wa mwisho, Waswa alikuwa mbele sana. Opondo alimwona kwa mbali akipanda kile kilima cha kurukia, ile nyekundu ikinguruma kwa adabu, kisha akaruka. Akaruka juu, safi, kama samaki anavyoruka kutoka majini. Na hapo ndipo furaha ilipomshinda Celestine.

Alisahau kila kitu. Alitoka kwenye mikonge kwa mruko, mikono juu, leso ikaanguka huko, akapiga kigelegele cha kupasua mawe. "Orwa! Mkwe wetu! Twende nayo! Nyanya zitakunywa!"

Sasa jiweke pale alipokuwa Waswa. Uko hewani. Chini yako, mbele kidogo, mkono wa kulia, amesimama mama mkwe wako, uso wazi, anacheza, na anakutazama. Hakuna majani ya kuingia. Kijana aliyelelewa vizuri anafanya nini? Waswa alifanya jambo la pekee lililowezekana. Aligeuza uso upande wa kushoto.

Na pikipiki hufuata macho.

Iliposhuka haikushuka kwenye njia. Ilishuka kushoto, ikapita katikati ya bata kama mgeni asiyebisha hodi, ikaingia bwawani yote, na Waswa akiwa juu yake, wima, ameshika usukani, uso bado kando. Maji yakamfika kifuani. Akabonyeza kile kidude kwa kidole gumba. Mapovu tu yalitoka.

Opondo alipofika pale alipunguza mwendo. Alikuwa tayari kusimama, kama breki ingekubali. Lakini Waswa alitoa mkono mmoja majini akampungia apite. "Niko sawa, Mzee! Songa! Ila mwambie Mama aondoke nitoke!"

Basi Opondo akasonga. Akavuka mstari kwa gia ya pili, mnyororo ukining'inia, moshi ukimfuata kama jamaa wa ukoo, na akawa mshindi.

Nyuma yake kulikuwa na tatizo. Waswa hakuweza kutoka majini maadamu mama mkwe wake alikuwa pale karibu, na Celestine, aibu ilipomshika, alikaa chini palepale, akaiokota leso, akajifunika gubigubi, kwa hiyo hakuona pa kuondokea. Wazee wawili walianza kubishana kama miiko inahesabiwa mtu akiwa amevaa helmeti. Mmoja alisema kioo cha helmeti ni kama ukuta. Mwingine akauliza, kama ni ukuta, huyu kijana yuko bwawani anatafuta nini? Mwishowe Lornah alikuja akamwinua mama yake akamwongoza kwa mkono, na bata wakapata nafasi ya kulalamika.

"Mikayi amemshinda Nyachira!" Owiti, aliyekwisha kusikia habari za sharti la pampu, alinguruma kwenye kipaza sauti. "Nyachira ameshindwa na pikipiki!"

Timbo zima likacheka. Opondo, aliyebebwa mabegani juu, alicheka pia, mdomo wazi, mpaka macho yake yalipompata mkewe akitembea mbali na watu, mkono kiunoni. Yeye hakuwa anacheka. Hata lile tabasamu la meno halikuwepo. Kwa mara ya kwanza Opondo alitazama, na alichokiona kikamkata kicheko.

Jioni Celestine alimwekea samaki na ugali kama kawaida.

"Umeshinda," alisema. "Sitataja pampu."

"Min Lornah, ile ilikuwa bahati tu..."

"Sikiliza. Ni kweli mgongo inaniuma. Lakini si injini tu nilikuwa nataka. Nimekuwa mke wa pili kwa hii boma tangu nifike, na sijawahi kumwona mke wa kwanza akipika." Akachukua sahani tupu akatoka. Opondo alibaki na tonge mkononi, na aliona aibu, aibu nzito isiyo na mahali pa kuwekwa.

Asubuhi Celestine aliteremka mtoni na jerikeni yake, na kabla hajaona chochote alisikia. Kelele za bati linalopasuliwa zilikuwa zimejaa bonde.

Mikayi alikuwa amesimamishwa juu ya mawe, mzima, gurudumu la nyuma limevuliwa tairi, mkanda mrefu umetoka kwenye rimu hadi kwenye pampu kuukuu ambayo Opondo aliing'oa kwenye boti lililozama. Kwa kuwa injini ile hupozwa na upepo wa mwendo, na haikuwa ikienda popote, Opondo alikuwa amechuchumaa mbele yake akiipepea kwa uteo, ule uteo wa Celestine wa kupepetea wimbi. Kwenye kiti alikaa Waswa. Alikuwa amekuja alfajiri na jogoo wa kuomba radhi, akapewa kazi ya kushika mafuta, yaani kuzungusha mshikio wa usukani injini iongeze nguvu, na alikuwa akitazama ziwa kwa bidii kiasi kwamba shingo ilikuwa ikimtetemeka.

Celestine alisogea taratibu. Tangi lilikuwa limekwaruzwa mpaka chuma.

"Jina imeenda wapi?"

"Nimetoa," Opondo alisema huku akipepea.

"Sasa anaitwa nani?"

"Haitwi. Ni pikipiki." Akaokota mwisho wa mpira wa maji, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Kwetu Waluo, shambani ni mikayi huanza. Wote tumekungoja wewe. Samahani, Min Lornah. Nilichelewa sana."

Celestine alishika mpira. Midomo yake ilicheza kidogo, akaibana. Mpira ukakohoa, ukatapika chura mmoja, halafu maji yakaja kwa nguvu, meupe, yakiruka mpaka mstari wa mwisho wa nyanya.

Ng'ambo ya mto Rachael alitokea na ndoo yake. "Yawa! Nyachira, umepata pampu?"

Celestine aligeuka. Hakuwa na haraka. Aliinua mpira, akauziba mwisho wa mpira huo kidogo kwa kidole gumba ili maji yaende mbali, na akamlowesha Rachael kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Umesema nani?"

"Uwi! Mikayi!" Rachael alipiga mayowe, ndoo imemfunika kichwa. "Mikayi! Nimesema Mikayi!"

Opondo alicheka mpaka akaangusha uteo, na injini ikaanza kunuka.

"Mzee, kuna nini huko?" Waswa aliuliza, akitetemeka kwa hamu ya kugeuka.

"Usigeuke!" Opondo alisema, akiutafuta uteo matopeni.

"Lornah hayupo," Celestine alisema kwa sauti kubwa, akiuambia mto, "kwa hiyo nauliza hewa tu. Huyo anayeshika mafuta, anaweza kuongeza kidogo? Rachael bado ana mahali pakavu."

Waswa, macho yake ziwani, akaongeza.